Azimio na Mtekelezaji Wake: Sarufi ya Kumbukumbu katika Mwaka wa Tawi la Chama cha Kitaaluma, Kibaha na Kisarawe

Ikisiri

Tawi la chama cha kitaaluma huendeshwa kwa vikao, na uamuzi wa vikao huendelea kuishi katika kumbukumbu zake. Makala hii inafafanua sarufi ya kumbukumbu hizo kwa kuufuata mwaka wa tawi la walimu katika mazingira ya wilaya za Kibaha na Kisarawe, mkoani Pwani. Ufafanuzi unaongozwa na nadharia ya vitendo-uneni, na unajikita katika majina ya vyeo na matini, vichwa vya ajenda, kauli za kitenzi na dhamira ya kitenzi katika maazimio. Inadaiwa kwamba kauli ya kutendwa isiyotaja mtenda, pamoja na kauli ya kutendeka, hufanya kazi mbili zinazopingana. Zinapomsitiri msemaji, humlinda mwanachama na kuulinda mjadala. Zinapomsitiri mtekelezaji, azimio hukosa mwenyewe, na mwaka hupita bila kazi iliyokubaliwa kufanyika. Makala inapendekeza kwamba ufundishaji wa uandishi wa kumbukumbu usiishie kwenye umbo la nje la matini, bali uingie katika sarufi ya azimio.

1.0 Utangulizi

Tafiti za rejesta za Kiswahili zimeshughulikia kwa mapana lugha ya mahakama, ya bunge, ya dini, ya biashara na ya vyombo vya habari. Rejesta ya vikao vya vyama imepata nafasi ndogo zaidi, ingawa ni miongoni mwa rejesta zinazotumiwa na watu wengi. Kila chama cha ushirika, kamati ya shule, kikundi cha kuweka na kukopa na tawi la chama cha kitaaluma huwa na mwenyekiti, katibu, mweka hazina na daftari la kumbukumbu. Daftari hilo huandikwa kwa Kiswahili, na mara nyingi huandikwa na mtu asiyepata mafunzo mengine ya kazi hiyo zaidi ya yale ya darasa la Kiswahili shuleni.

Makala hii inachukua tawi la chama cha kitaaluma cha walimu kama mfano wa kufafanulia. Mazingira yanayorejelewa ni ya Kibaha na Kisarawe. Mji wa Kibaha, makao makuu ya Mkoa wa Pwani, uko kando ya barabara ya Morogoro, takriban kilometa 40 magharibi mwa Dar es Salaam. Kisarawe iko kusini-magharibi mwa jiji hilo, nyuma ya vilima vya Pugu. Shule za Kibaha zimetawanyika kutoka mjini hadi Mlandizi, Janga, Kwala na Magindu. Za Kisarawe zinafika hadi Mzenga na Maneromango. Umbali huu una maana ya kiisimu. Mwanachama aliyeko Magindu au Maneromango hatarajiwi kufika katika kila kikao. Baadhi ya wanachama hukijua chama chao kupitia maandishi zaidi kuliko kupitia mazungumzo, na kwao kumbukumbu ndiyo tawi lenyewe.

Mhimili wa nadharia unatokana na kazi ya J. L. Austin, aliyeonesha kwamba kunena ni kutenda, na kwamba baadhi ya matamko hubadili hali ya mambo pale tu yanapotolewa na mtu mwenye mamlaka, mahali panapofaa na kwa utaratibu unaokubalika. Tamko la mwenyekiti la kufungua kikao ni la aina hiyo. Azimio nalo ni tendo-uneni, lakini lina sifa ya pekee: hutendwa mara mbili, kwanza kwa mdomo kikaoni, kisha kwa kalamu ya katibu. Ufafanuzi unaofuata unahusu kinachotokea kati ya matendo hayo mawili. Mifano yote iliyopewa namba imetungwa kwa kufuata ruwaza zilizozoeleka katika uandishi wa kumbukumbu. Haikunukuliwa kutoka katika daftari la tawi lolote.

2.0 Usuli wa Rejesta ya Vikao

Utamaduni wa vyama vya wanataaluma nchini una umri wa zaidi ya karne moja. Mwaka 1922, mjini Tanga, Martin Kayamba alishiriki kuanzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali ya Tanganyika. Wanachama wake walikuwa makarani, walimu na watumishi wengine waliojua kusoma na kuandika, watu ambao kazi yao ya kila siku ilikuwa kutunza majalada na madaftari ya serikali. Mwaka 1929 chama cha African Association kilianzishwa Dar es Salaam, Cecil Matola akiwa rais na Kleist Sykes akiwa katibu. Chama hicho ndicho kilichokuja kuwa TAA, kisha TANU mnamo Julai 7, 1954.

Historia hii inagusa Kisarawe moja kwa moja. Kayamba alisoma Kiungani, Zanzibar, katika chuo cha misheni ya UMCA. Chuo hicho baadaye kilihamishiwa bara, mahali panapoitwa Minaki, ambapo leo pana shule ya sekondari ya Minaki. Upande wa Kibaha, mradi wa pamoja wa Tanganyika na nchi za Nordiki ulioanza mwaka 1963 ulizaa taasisi ya elimu, afya na kilimo iliyokabidhiwa kwa serikali ya Tanzania mwaka 1970 na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Wilaya zote mbili, kwa hiyo, zimekuwa makazi ya walimu na wanataaluma kwa vizazi kadhaa, na mwalimu wa huko anayeandika ajenda leo anaendeleza kazi ya muda mrefu.

Kilichoifanya rejesta hii kuwa mali ya umma ni kuenea kwa vikao vya TANU na vya vyama vya ushirika. Kupitia vikao hivyo, maneno kama mwenyekiti, mjumbe, azimio na tawi yalifika vijijini kabla ya shule nyingi. Mwaka 1967 rejesta ilipata nguvu mpya: Azimio la Arusha lilitangazwa, Kiswahili kilisisitizwa katika shughuli za serikali, na Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria. Tangu wakati huo neno azimio limebeba uzito wa tamko la kitaifa, uzito ambao tawi dogo la wilaya hulikopa kila linapoandika kwamba “kikao kiliazimia”.

3.0 Majina ya Vyeo na Matini

Msamiati wa uendeshaji wa tawi unaonesha njia tatu za uundaji wa istilahi. Njia ya kwanza ni uambatanishaji: mwenyekiti ni mwenye kiti, na mweka hazina ni yule awekaye hazina. Majina yote mawili yanataja mtu na dhamana yake ndani ya neno lenyewe. Njia ya pili ni ukopaji. Katibu, hazina, ajenda na muhtasari yametoka nje na kukaa katika Kiswahili kwa viwango tofauti vya uzoefu. Njia ya tatu ni upanuzi wa maana. Tawi na shina vilikuwa sehemu za mti kabla ya kuwa ngazi za chama, na sitiari hiyo bado iko hai, kwani huzungumziwa tawi lililonyauka, lililochipua au lililokatwa.

Neno mjumbe linastahili kuangaliwa zaidi kwa kuwa lina historia katika eneo linalorejelewa. Katika nchi ya Wazaramo, jumbe alikuwa kiongozi wa kijiji, cheo ambacho utawala wa kikoloni ulikitumia kwa manufaa yake. Mjumbe ni mbeba ujumbe. Katika chama cha leo, mjumbe wa kamati hutarajiwa kubeba ujumbe pande zote mbili: kutoka shuleni kwake kwenda kikaoni, na kutoka kikaoni kurudi shuleni. Anayehudhuria kikao na asiwasimulie wenzake ametimiza nusu tu ya maana ya cheo chake.

Matini yenyewe ina majina mawili, na tofauti yake si ya mtindo tu. Vitabu vya shule hupendelea kumbukumbu za kikao. Ofisi nyingi husema muhtasari wa kikao. Kumbukumbu imejengwa juu ya kitenzi kumbuka, na uradidi wake unadokeza jambo linalorudiwa na kutunzwa. Muhtasari, wenye asili ya Kiarabu, unahusu kufupisha. Katibu anayeamini kuwa kazi yake ni kukumbuka ataandika mengi: nani alisema nini, kwa hoja gani na kwa mpangilio upi. Anayeamini kuwa kazi yake ni kufupisha ataacha hoja na kuandika matokeo. Swali la nini kitunzwe na nini kiachwe limo tayari katika jina la matini, na kila katibu hulijibu upya hata kama hajaliuliza.

4.0 Mwaka wa Tawi na Matini Zake

Mwaka wa tawi la walimu hufuata nyakati tatu kwa pamoja: kalenda ya shule, majira ya mvua na sikukuu. Mihula huanza Januari. Mvua za masika huanguka kati ya Machi na Mei, na barabara za vumbi za ndani ya wilaya huwa ngumu kupitika. Mwezi wa Ramadhani, unaosogea mwaka hadi mwaka, hubadilisha saa na siku za vikao katika eneo lenye Waislamu wengi. Mtihani wa darasa la saba kwa kawaida hufanyika Septemba na wa kidato cha nne Novemba, na katika majuma hayo ni vigumu kumpata mwalimu. Nafasi zinazobaki ni chache, na tawi linalokosa nafasi moja husubiri miezi.

Kila kipindi cha mwaka kina matini yake. Mwanzoni huwepo hati ya makabidhiano, ambayo uongozi unaoondoka huitumia kuorodhesha mihuri, vitabu vya stakabadhi, madaftari na salio la fedha. Hufuata mpango kazi na makadirio ya mapato na matumizi. Katikati ya mwaka kuna taarifa za wito wa kikao, ajenda, kumbukumbu, barua za mialiko na ripoti za mafunzo. Tarehe maalumu nazo zina matini zake: risala ya Mei Mosi, taarifa ya maadhimisho ya Siku ya Kiswahili Duniani, inayoadhimishwa Julai 7 kufuatia tangazo la UNESCO la mwaka 2021, na salamu za Siku ya Walimu Duniani, Oktoba 5. Mwaka hufungwa kwa mkutano mkuu, ambapo taarifa ya utendaji na taarifa ya fedha husomwa, kujadiliwa na kupokewa.

Matini hizi hutegemeana kama viungo vya mnyororo. Taarifa ya utendaji haiwezi kuandikwa bila kumbukumbu. Kumbukumbu hazina maana bila ajenda. Ajenda ya kikao cha pili huanza na yaliyotokana na cha kwanza. Kiungo kimoja kikikatika, athari hujitokeza mbali na mahali kilipokatika. Azimio lililoandikwa vibaya mwezi Februari huonekana kuwa halina tatizo lolote hadi mkutano mkuu wa Desemba, pale mwanachama anapouliza lilifikia wapi.

5.0 Sarufi ya Kumbukumbu

5.1 Yatokanayo na mengineyo

Vichwa viwili vya ajenda vimekuwa mali ya rejesta hii kiasi cha kutohitaji ufafanuzi kwa mshiriki yeyote: yatokanayo na mengineyo. Kisarufi, vyote viwili ni maneno ya ngeli ya 6 yasiyo na nomino. Nomino inayoeleweka ni mambo, lakini haitajwi. Yatokanayo ni kitenzi chenye urejeshi wa mwishoni: ya-tok-an-a-yo. Muundo huo haubebi kiambishi cha njeo. Hausemi yaliyotokana, yanayotokana wala yatakayotokana.

Ukosefu huo wa njeo una faida yake. Chini ya kichwa kimoja, kikao kinaweza kujadili lililokwisha kufanyika, linaloendelea na lisiloanza. Hata hivyo, faida hiyo ndiyo inayofungua mlango wa utata. Chini ya kichwa kisicho na njeo wala mtenda, ni rahisi kuandika sentensi isiyo na vyote viwili. “Suala la mafunzo: bado” ni ingizo linaloweza kurudiwa vikao vitatu mfululizo bila kukiuka kanuni yoyote ya umbo. Ajenda imezingatiwa na kichwa kimejazwa, lakini hakuna aliyeulizwa.

5.2 Kumsitiri msemaji

Kumbukumbu za Kiswahili hutumia kwa wingi kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka, hasa zikiongozwa na kiambishi i- kisichorejelea nomino yoyote iliyotajwa:

(1) Ilielezwa kwamba baadhi ya shule hazipati taarifa za vikao kwa wakati.
(2) Ilionekana kuwa muda wa mafunzo hautoshi.
(3) Mjumbe mmoja alihoji sababu ya ada kupandishwa.

Katika (1) mtenda angeweza kutajwa kwa kirai cha na, lakini ameachwa. Katika (2) kauli ya kutendeka kwa kawaida haipokei kirai hicho kabisa: jambo limeonekana lenyewe, kana kwamba halikuhitaji jicho la mtu. Katika (3) mtenda yupo, ila ametajwa kwa cheo kisichomtambulisha.

Ni rahisi kuuhukumu usitiri huu kuwa udhaifu wa mwandishi. Mazingira ya tawi yanaonesha sababu yake. Katika kikao cha walimu wa wilaya moja, mwalimu mkuu na mwalimu wa kawaida wa shule hiyohiyo huketi kama wanachama wenye haki sawa. Kikao kikifungwa, usawa huo hukoma, na Jumatatu mmoja humwandikia mwenzake ratiba ya vipindi. Kumbukumbu huzunguka shuleni na huweza kufika ofisini kwa wasiokuwa wanachama. Kumtaja aliyehoji kunaweza kumgharimu. Kwa kuandika “ilielezwa”, katibu anaihifadhi hoja na kumwacha msemaji salama.

Usitiri huo unalingana na adabu ya mazungumzo ya hadhara katika jamii za pwani, ambapo jambo zito husemwa kwa fumbo, kwa methali au kwa kumzungushia maneno mhusika. Mzungumzaji anayeukosoa uongozi huenda akasema tu kwamba penye wazee haliharibiki neno, na wasikilizaji wakaelewa kuwa neno limekwisha kuharibika. Katibu ana kazi ya kulitoa fumbo hilo katika mnyumbuko wake na kulifanya hoja inayojadilika, bila kumwanika aliyelitega. Kauli ya kutendwa ndiyo chombo chake.

Maamkizi na viitio hufanya kazi ya namna hiyo kwa upande wa usemaji. Mwenyekiti kijana huwaamkia wanachama wakongwe kwa shikamoo kabla ya kikao. Kikao kikishafunguliwa, wakongwe haohao humwita “Ndugu Mwenyekiti”, kiitio kilichoenea katika siasa ya Ujamaa na kubaki vikaoni hadi leo. Umri huwekwa kando kwa muda ili cheo kifanye kazi. Vivyo hivyo, kumbukumbu huweka kando jina ili hoja ifanye kazi.

5.3 Kumsitiri mtekelezaji

Tatizo huanza pale sarufi iliyofaa mjadala inapohamishiwa kwenye azimio bila kubadilishwa:

(4) Ilikubalika kwamba mafunzo ya walimu wapya yafanyike mapema.
(5) Ilisisitizwa kuwa barua iandikwe kwa wakuu wa shule.
(6) Ilishauriwa orodha ya wanachama ihuishwe.

Kila sentensi ina vitenzi viwili na haina mtenda hata mmoja. Kitenzi cha kwanza kinaeleza tendo la kikao, na hapo upungufu si mkubwa, kwa kuwa muktadha unaonesha kwamba waliokubali ni wajumbe. Kitenzi cha pili kiko katika dhamira ya matilaba, yenye kiishio -e, dhamira inayobeba agizo, ombi au matakwa. Agizo lolote linahitaji mwagizwa. Yafanyike, iandikwe na ihuishwe yameliweka jambo kwenye nafasi ya kiima na kumwondoa mtu katika sentensi. Kisarufi, anayeagizwa kuandikwa ni barua.

Kwa mtazamo wa nadharia ya vitendo-uneni, tendo la kuagiza halijakamilika katika (4) hadi (6), kwa kuwa hakuna aliyefungwa nalo. Vitenzi vya mwanzo vinaongeza utata. Kusisitiza, kushauri, kupendekeza, kukubali, kuamua na kuazimia havina nguvu sawa. Ushauri huweza kupuuzwa bila kosa, azimio haliwezi. Katibu anayetumia ilisisitizwa na iliazimiwa kwa kupokezana, ili kuepuka kurudia neno, amebadilisha hadhi ya uamuzi wa kikao kwa sababu ya mtindo.

Linganisha (5) na sentensi ifuatayo:

(7) Kikao kiliazimia kwamba Katibu awaandikie wakuu wa shule barua ya mwaliko na kuwasilisha nakala yake katika kikao kijacho.

Hapa kikao ni kiima cha kuazimia, jambo lililo sahihi kwa kuwa uamuzi ni wa wote. Katibu ni kiima cha matilaba, jambo lililo sahihi kwa kuwa utekelezaji ni wa mmoja. Wajibu na muda wa kuuliza vimetajwa. Sentensi haina ukali wala haimvunjii mtu heshima, kwa sababu inataja cheo badala ya jina la mtu. Kutaja cheo kuna manufaa mengine: mtu akihamishwa kwenda wilaya nyingine, jambo la kawaida katika utumishi wa walimu, wajibu hubaki tawini na kurithiwa.

Tofauti kati ya (5) na (7) hujionesha katika kikao kinachofuata. Chini ya yatokanayo, mwenyekiti aliye na (7) humgeukia Katibu na kuomba nakala. Aliye na (5) hana wa kumgeukia. Atauliza jumla, “Ile barua ilifikia wapi?”, na swali hilo, ambalo nalo kiima chake ni barua, litajibiwa na ukimya. Ingizo jipya litaandikwa: “Ilisisitizwa tena.” Kwa wanachama wa shule za mbali, waliotumaini mafunzo au barua hiyo, hasara ni ya kweli. Mwalimu mpya wa Kwala anaweza kuumaliza mwaka wake wa kwanza kazini bila msaada ambao wenzake walikubaliana apewe, na hakuna mtu aliyeukataa.

5.4 Lugha ya fedha

Katika taarifa ya fedha tofauti ya kauli hugeuka kuwa suala la uaminifu. Methali inayojulikana na kila mweka hazina inasema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari likiwepo, bado kuna namna ya kuandika inayoweza kuipoteza habari:

(8) Fedha zilitumika kwa usafiri na chakula.
(9) Fedha zilitumiwa na kamati ya maandalizi kwa usafiri na chakula.
(10) Mweka Hazina aliilipa kamati ya maandalizi fedha za usafiri na chakula kwa hati ya malipo iliyoidhinishwa na Mwenyekiti.

Sentensi ya (8) ndiyo iliyozoeleka. Kauli ya kutendeka inazifanya fedha zionekane kana kwamba zimetumika kwa hali yake zenyewe, kama maji yanavyokauka au kamba inavyokatika. Mwandishi huenda hana nia yoyote mbaya. Ametumia tu umbo lililo karibu. Lakini msikilizaji aliyechanga ada yake husikia pengo, na katika pengo hilo tuhuma huota. Sentensi ya (9) inataja mtumiaji. Ya (10) inataja aliyelipa, aliyepokea, aliyeidhinisha na hati. Katika matawi yanayoendeshwa kwa kujitolea, ambako viongozi hawalipwi na mara nyingi hutanguliza fedha zao za nauli, sentensi kama (10) humkinga mweka hazina kuliko kumshuku. Jina lake likiambatana na hati, hahitaji mtetezi.

6.0 Kundi la WhatsApp na Mipaka ya Kikao

Uendeshaji wa matawi sasa umehamia kwa sehemu katika makundi ya WhatsApp. Kwa wilaya zenye umbali mkubwa faida ni wazi: wito wa kikao hufika Maneromango kwa dakika moja. Kiisimu, hata hivyo, kundi linatikisa masharti ya tendo-uneni. Kikao huwa na mwanzo, mwisho na akidi. Kundi halina kimojawapo. Mtu akiandika “Nakubaliana na wazo” na wengine wakaweka alama ya dole gumba, haijulikani iwapo hilo ni azimio, maoni au salamu. Ukimya, ambao kikaoni mwenyekiti huweza kuutafsiri baada ya kuuliza kama kuna pingamizi, katika kundi huweza kumaanisha kukubali, kukataa, kutosoma au kuishiwa na bando.

Sarufi ya kundi nayo ina mwelekeo wake. Ujumbe mwingi hutumia nafsi ya kwanza wingi: “tujitahidi kulipa ada”, “tusisahau mafunzo”. Sisi hii ni jumuishi na yenye adabu, kwani anayehimiza hujiweka miongoni mwa wanaohimizwa. Lakini, kama kauli ya kutendwa, inamsambaza mwagizwa hadi asionekane. Suluhisho linalopatana na utaratibu wa vikao ni kuyachukulia mazungumzo ya kundi kuwa maandalizi, kisha kuyathibitisha katika kikao chenye akidi, yakaandikwa kwa sarufi ya azimio.

7.0 Athari kwa Ufundishaji

Uandishi wa kumbukumbu za mikutano ni sehemu ya utungaji katika ufundishaji wa Kiswahili wa sekondari. Mwanafunzi hufundishwa umbo: kichwa chenye jina la chama, mahali na tarehe, mahudhurio, yakitenganisha waliohudhuria, waliotoa udhuru na wasiotoa taarifa, ajenda, kufungua kikao, kuthibitisha kumbukumbu zilizopita, yatokanayo, mada za siku, mengineyo, kufunga, na nafasi za sahihi. Umbo hili ni la lazima, na anayelifahamu huweza kukaa katika kiti cha katibu mahali popote nchini.

Kinachohitaji kuongezwa ni mazoezi ya sarufi ndani ya umbo hilo. Mada ya kauli za kitenzi hufundishwa kwa sentensi zisizo na muktadha, na mada ya kumbukumbu hufundishwa bila kurejelea kauli za kitenzi. Mwalimu anaweza kuziunganisha kwa zoezi jepesi: wanafunzi wapewe mjadala mfupi, waandike hoja zake kwa kauli ya kutendwa, kisha waandike azimio lake kwa kauli ya kutenda lenye mtekelezaji na muda. Kwa wanafunzi wa uzamili, daftari la tawi ni data yenye thamani kubwa. Idadi ya maazimio yenye mtenda na yasiyo na mtenda inaweza kuhesabiwa, na utekelezaji wake kufuatiliwa katika vikao vilivyofuata, kwa idhini ya chama na kwa kuficha majina ya wahusika. Utafiti wa aina hiyo ungeuweka dai la makala hii kwenye mizani.

8.0 Hitimisho

Makala imefafanua kwamba mwaka wa tawi la chama cha kitaaluma ni mfuatano wa matini, na kwamba afya ya tawi inaweza kusomwa katika vitenzi vya katibu wake. Kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka si kasoro katika kumbukumbu. Zinastahili kutumiwa kwa makusudi katika sehemu ya mjadala, ambapo humstiri mwanachama aliyesema jambo gumu mbele ya mkubwa wake. Zinapofika kwenye azimio na kwenye fedha, kazi yake huwa imekwisha, na kauli ya kutenda yenye cheo cha mhusika hupaswa kushika nafasi. Katibu anayejua mpaka huo hahitaji kuwa mwanaisimu. Anahitaji kujiuliza maswali mawili kabla ya kufunga daftari: ni nani aliyelindwa na sentensi hii, na ni nani atakayeulizwa juu yake katika kikao kijacho?